Kisanduku Kimoja

Todmorden, mwezi wa pili. Mvua hainyeshi,
inaning'inia tu hewani kama mgeni asiyejua kuaga.
Nimepanga banda nyuma ya duka la chipsi:
mlango wa bati, balbu moja, harufu ya siki.
Ndani, Morris Minor ya mwaka sitini na sita,
rangi ya maziwa yaliyoonja chai.

Bi Tattersall aliniuzia kwa pauni mia tisa.
"Kila kitu humo ni chake," alisema.
Kiingereza cha huku humeza nusu ya neno;
nilisikia: cha gari. Cha tangu kiwandani.
Nikamwamini. Alikuwa amevaa soksi za mwanamume.

Maili arobaini tu, ikaanza kutapika maji.

Raya, shika tochi. Si huko. Hapa,
juu ya bloku, penye kutu.
Brashi ya waya, mafuta ya taa kidogo,
na namba inajitokeza shingo upande,
kama shahidi aliyeitwa mahakamani kwa nguvu.
"Baba, hii siyo ya kwenye kadi."
Soma tena.
"Siyo. Hata herufi ya kwanza siyo."

Nakwaruza weusi wa bloku: chini yake kijani.
Nakwaruza weusi wa hedi: chini yake njano.
Mtu kawavika sare moja watoto wa mama mbalimbali,
akawaambia, sogeeni, mpigwe picha.

Spana ya nusu inchi yaingia boliti ya kwanza
ikatulia kama pete.
Boliti ya pili inaikataa.
Milimita kumi na tatu, hiyo;
tofauti ya unywele,
ile iliyopo kati ya "karibu" na "karibu ndani".
Ya tatu ililazimishwa: hesi za inchi, hesi za milimita,
zimetafunana mpaka hakuna aliyebaki na meno.

Natukana. Natukana Kipemba, natukana Kiingereza,
natukana ile lugha ya gereji ya Wete
ambako mimi, mikono hii hii,
nililifungia lori la karafuu pistoni nne,
kila moja na ukoo wake,
nikapiga rangi, nikamwambia mwenye lori: mpya kabisa, bwana.
Raya hajui habari hiyo.
Nanyamaza.

Hedi inang'oka kwa mlio wa mlango wa zamani.
Gasketi imeungua pale pale nilipodhani:
tundu la maji ambalo bloku inalo
na hedi haina.
Miaka yote maji yamekuwa yakibisha hodi ukutani.

Halafu Raya anasogeza tochi bila kuambiwa.
Kwenye midomo ya silinda, hilali nne ndogo
zimechongwa kwa tupa, kwa mkono,
ili valvu kubwa za hedi ngeni zipate pa kushukia
zisigonge.
Naweka kidole. Laini.
Mlaghai hapotezi jioni nzima kwa tupa.
Mlaghai hupiga rangi akaenda kulala.

Na ndani ya kifuniko cha valvu, kwa ncha ya msumari:
C.T. 1984. Chini yake: C.T. tena, 1991.
Chini yake mwaka wa tatu, mkono umetetemeka,
sita au sifuri, hatuwezi kujua.

Kumbe chake. Cha yule mwenye soksi.

Duka la chipsi linafunga; mtu anaburuta mapipa.
Raya ameitandaza fomu ya serikali juu ya tairi.
Namba ya injini, inasema, na kisanduku kimoja,
chembamba, cha kutosha namba moja tu.
Sisi tunazo tatu, na ya kabureta bado hatujaisoma.
"Niandike ipi?"

Nafuta mikono. Grisi haitoki, inahama tu
kutoka kidole kwenda kidole.
Anza na ya bloku, nasema.
Kwa penseli.