Juzuu Mpya

Kwanza gusa chuma, alisema Temuulen,
sauti yake ikitoka Busan, zamu ya usiku,
mashine za kiwanda zikinguruma nyuma yake.
Januari hewa ya Ulaanbaatar hukauka hata kitasa cha mlango kinauma.
Nikavua sweta la sufu, nywele zikasimama,
nikashika bomba la joto chini ya dirisha:
cheche moja ya samawati,
basi, nikawa salama kwa mashine.

Nikafungua ubavu wa kompyuta.
Vumbi la miaka tisa, masizi ya makaa,
na manyoya ya paka
ambaye mwenyewe tulimzika zamani.

Diski nilinunua Narantuul, kwa mwanamke
mwenye glavu zilizokatwa vidole.
Aliniapia: terabaiti nzima, mama, haipungui hata chembe.
Skrubu nne. Moja ikaniponyoka, ikabingirika
hadi chini ya friji, na iko huko mpaka leo.
Tatu zinatosha, alisema Temuulen,
sufuria yetu ilikaa juu ya mafiga mangapi?
Kebo ya data ina mdomo wenye pembe,
huingia kwa upande mmoja tu.
Nikawasha.

Haipo.
Niliweka kiganja, nikaihisi inazunguka,
inatetemeka kama kitu hai mfukoni,
lakini kwenye kioo, haipo.
Ipo, mama, ila haijaandikishwa.
Haina jedwali, haina herufi, haina jina,
mashine haiwezi kuihesabu.

Nikanyamaza.
Mwaka ule baridi ilipomaliza mifugo tukahamia mjini,
tuliishi hivyo hivyo miezi kumi na minne:
moshi wa jiko letu unaonekana mlima mzima,
majina yetu hayamo daftarini.

Akanielekeza penye orodha. Zikatokea mbili,
diski sifuri, diski moja,
na onyo: vyote vilivyomo vitafutika.
Mama, sikiliza vizuri, usije uka—
Simu ikakatika.

Nisije nikafanya nini?
Kidole juu ya kitufe, jasho, na nje
ni digrii thelathini chini ya sifuri.
Humo ndani ya moja kati ya hizi mbili
yumo Gombo, mume wangu, anahesabu kondoo.
Nikazisoma kama ninavyosoma vitabu vya karakana,
sufi iliyoingia, sufi iliyotoka.
Sifuri: gigabaiti mia tatu na kidogo, imejaa hadi kooni.
Moja: mia tisa thelathini na moja, tupu.
Mia tisa thelathini na moja!
Ole wake yule wa glavu.
(Temuulen baadaye alinieleza kwamba ni namna mbili za kuhesabu,
hakuna aliyeiba. Sijakubali.)

Iliyojaa ndiyo yetu. Tupu ndiyo ya kufuta.
Kufuta kitu kitupu: nilicheka peke yangu jikoni.

Jina? Mashine ilikwisha kunipendekezea: Juzuu Mpya,
kana kwamba niliwahi kuandika ya kwanza.
Nikaliacha.
Kwa haraka, au kwa ukamilifu?
Ya haraka huandika yaliyomo na kuamini kurasa zote ni nzima.
Mimi niliwahi kununua farasi kwa haraka.
Nikachagua ndefu.

Asilimia moja. Chai, maziwa, chumvi.
Asilimia nne. Skrubu sikuiona.
Asilimia arobaini na kitu, nikasinzia
shavu juu ya karatasi ya maelekezo
iliyoandikwa kwa lugha kumi na mbili, yangu haimo.

Saa tisa usiku simu ikalia.
Mama, usije ukagusa sifuri!
Sikuigusa.
Akashusha pumzi hadi nikaisikia kutoka Busan.

Nikanakili faili moja tu kwanza, dakika nne:
Gombo anahesabu, anafika themanini na sita,
mbuzi anapita katikati, anapotea,
anatukana, anaanza upya.
Kisha nikatazama nafasi iliyobaki.

Mia tisa thelathini na moja.
Kama vile hajaingia mtu.