Kabati Lenye Mkia

Nilikuwa na miaka minane nilipochora farasi.
Mwalimu akainua daftari, darasa zima lione:
"Badri, kabati hili la nguo umelitoa wapi?"
Wakacheka. Nami nikacheka, nisibaki peke yangu.
Tangu siku ile mkono wangu nikaupa tarakimu,
miaka thelathini na sita, ghala la reli, Kutaisi:
mabehewa yaliyoingia, mabehewa yaliyotoka,
wala hakuna aliyeniuliza behewa lina sura gani.

Sasa nimestaafu. Kila Alhamisi, saa kumi,
napanda chumba cha juu cha maktaba, penye jiko la kuni.
Tuko sita, na sote tumeapa hatujui kuchora.
Lamzira, aliyekuwa akishona mapazia ya ukumbi wa michezo,
anatugawia karatasi za kufungia nyama.
"Hizi hazina thamani," anasema. "Ziharibuni."

Siku ya kwanza, mkono wa kushoto:
chora ufunguo wa nyumba yako.
Wangu ukatoka umelewa.
Wa Guliko ukaota meno kama mamba mchanga,
na Zurabi, fundi wa meno, akauinamia, akapima:
"Huu nitauziba kwa bei ya jirani."

Kisha kiti. Yaani, usichore kiti.
Chora hewa iliyo kati ya miguu yake,
chora pale ambapo kiti hakipo.
Nikakodoa. Nimekalia viti maisha yangu yote
sikujua vimebeba madirisha tumboni.
Nikachora madirisha manne, moja limepinda,
na nilipoinua kichwa
kiti kilikuwa kimeshaingia karatasini,
bila hodi, kama paka.

Siku ya mvua tukanywa kahawa nzito.
Bibi zetu walisoma mashapo ya kikombe:
safari, mchumba, barua iliyokwama njiani.
"Leo hatuulizi ya kesho," akasema Lamzira.
"Pindueni vikombe juu ya karatasi. Ngojeni pakauke.
Kisha mtafuteni aliyejificha, mpeni jicho. Moja tu."
Ajabu ya jicho! Nukta tu, lakini ukiitia kwenye doa
doa linakutazama.
Mimi nilipata mbuzi aliyevaa koti la kuazima.
Guliko alimpata mume wake wa kwanza,
akampangusa kwa kiwiko.

Halafu kazi ya nyumbani:
kalamu isiinuke, macho yasishuke.
Macho yatambae usoni kama sisimizi,
kalamu imfuate sisimizi, popote aendapo.

Nikamketisha Eteri jikoni, anavunja maganda ya jozi.
"Nina deni lako?" akauliza. "Mbona wanitolea macho?"
Sisimizi akapanda paji la uso, akateremka pua,
akazunguka sikio, akapotea humo kidogo,
akashuka tayani, na chini ya taya
akajikwaa kwenye doa jeusi, dogo kama punje ya ufuta.
"Hili lilianza lini?"
"Nilizaliwa nalo, Badri."
Miaka arobaini chini ya paa moja.
Nilikuwa nahesabu mabehewa.

Tukaitazama karatasi. Pua imekaa begani,
jicho limehamia shingoni, mdomo umetoka safari.
Eteri akacheka hadi jozi zikaviringika chini ya meza.
Kisha akanyamaza. Akaweka kidole
juu ya mstari mmoja, mfupi, unaotetemeka.
"Lakini hapa," akasema,
"hapa ni mimi."

Akaibandika ukutani, karibu na birika,
na mvuke umeshaanza kuikunja pembe.

Alhamisi ijayo ni zamu ya wanyama.
Zurabi anajizoeza kuku kwa siri, namjua.
Mimi nimekata shauri: nachora kabati.
Kwato nne, mkia, mlango umeachwa wazi kidogo,
na ndani, katikati ya makoti,
mtoto wa miaka minane amejishikilia vizuri.
Likitoka farasi,
shauri lake.