Maji Baridi Kwanza

Alifika Kostanay mwezi wa pili,
theluji imepanda hadi vioo vya chumba changu cha kufulia,
naye amevaa raba za kitambaa, viatu vya watu wa joto.
Mgeni siku mbili; ya tatu wakampa jezi,
namba nne, bado ina harufu ya Mserbia aliyeuzwa.

Mimi ni Raushan. Nafua.
Miaka kumi na tisa nawasoma wachezaji kwa madoa yao.
Mshambuliaji huchafuka magotini, akishangilia.
Kipa, viwiko.
Beki huchafuka ubavu mzima, kama mtu aliyeburutwa na farasi,
na pale kifuani, alama ya mpira, duara,
muhuri wa posta kwenye barua iliyorudishwa.

Huyu, Eligio Benegas, wa Paraguay,
alikwishaondosha mipira Asunción, Oruro,
na mji mmoja wa Romania aliotaja jina lake kama anatema kokwa.
Klabu ya sita. Miaka ishirini na minane.
Mke kwenye simu, mtoto kwenye simu,
hata mbwa aliletwa kwenye simu abweke.

Majani yake ya chai aliyanywa kwa maji ya barafu
huku nje ni nyuzi ishirini chini ya sifuri;
vijana wakavunjika mbavu kwa kucheka.
Nikamwekea chai ya maziwa juu ya mashine ya pili.
Hakuigusa.
Siku ya nne akaigusa.

Tulianza na neno moja. Niliinua kipande: sabyn.
Akakodoa macho. Jabón, akasema.
Tukatazamana
kama watu waliogundua kwamba shangazi yao ni mmoja.

Kazi yake na yangu, ukiifanya vizuri
hakuna anayeona kitu.
Nani huisifu jezi kwa kuwa safi?
Goli lisiloingia haliandikwi popote.
Alisimama kule nyuma dakika tisini, mkono juu,
akiwafokea watu wasiojua lugha yake,
nao wakasogea. Sijui vipi. Wakasogea.

Kisha ile ya Septemba, dakika ya themanini na nane:
krosi ya chini, mguu wake, wavu wetu.
Goli lake pekee katika misimu miwili,
nalo ndilo lililoandikwa.
Kesho yake alikuja akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa,
akaitazama jezi yake ikizunguka nyuma ya kioo
tangu povu mpaka kukamuliwa.
Sikumwambia yatapita. Nilimpa soksi azipange.
Jozi arobaini na moja, na moja ikabaki kiwete.
Hiyo akaitia mfukoni. Sikuuliza.

Goti lilimsaliti Aprili, kwenye nyasi bandia,
hakuna aliyemgusa.
Mishahara mitatu waliikalia. Mkurugenzi alisema kesho
mpaka kesho ikaota ndevu.
Akaondoka na begi moja na gongo moja;
la pili lilikuwa mali ya klabu.

Herufi za mgongoni nilizibandua kwa mvuke.
Huacha kivuli. Kijana mpya anaivaa sasa,
ana haraka, anapenda kupanda mbele na kusahau njia ya kurudi,
na taa za uwanja zikiwaka, mimi, kutoka mlangoni,
bado nasoma B, nasoma E, nasoma N.

Juzi umeingia ujumbe kutoka Albania, daraja la pili.
Picha: jezi ya kijani imetapakaa udongo mwekundu.
Huko kila mtu anafua yake. Anauliza,
kwa Kirusi cha kuokoteza, mbona hautoki.

Umetumia maji moto, nikamwandikia.
Maji moto hulifundisha doa kukaa.
Baridi kwanza, Eligio. Baridi,
halafu sabyn.
Na goti je?