Wa Mwisho Nani?

Miaka tisa nimemsemea Kimondo
kwa kipaza sauti kilichofungwa mpira wa baiskeli,
bandani kwa Mkwavila, nyuma ya ghala la korosho, Newala.
Yeye anafumbua mdomo, sauti inatoka kwangu.
Nimemfundisha matusi ya Kitangari,
nimempa wajomba Mkunya,
na siku alipobeba daraja mgongoni
nilimfanya alalamikie bei ya salfa,
banda zima likalala kwa kicheko.

Basi ikafika ya saba, ya mwisho kabisa.
Mnada wa pili ulikuwa umelipa, vijana wana hela,
mabenchi hayakutosha, wengine wakakalia madumu yao.
Tukangoja afe.
Tulijiandaa kwa kifo kikubwa,
cha jua kupasuka na mji kupiga magoti;
maneno ya buriani nilikwisha kuyaandika
nyuma ya stakabadhi ya ghala.

Hakufa.
Nguvu zilimwisha taratibu, kama betri za tochi,
na picha ya mwisho, naapa, ilikuwa hii:
mtaa usio na jina, asubuhi ya ukungu,
Kimondo kavaa sweta, ndoo ya plastiki mkononi,
amepanga foleni bombani.
Hakuna anayemtambua.
Foleni ikasogea hatua moja. Majina yakaanza kupanda.

Chilumba alitaka arudishiwe mia tano yake.
"Foleni ya maji nitoke nyumbani nije kuilipia?
Si iko pale, bure, tangu saa tisa usiku!"
"Chui hazikwi kama panya," akasema Abilahi wa pikipiki.
"Mtu kazima volkano kwa kifua, leo mnampa ndoo?
Hata kaburi wamemnyima?"
Wakanigeukia mimi:
kesho useme anajificha,
useme ndani ya ndoo mna bomu,
useme lolote, Hokororo, mdomo si wako?

Mdomo wangu. Nikaona kweli, hilo naliweza.

Kule nyuma, karibu na mlango, Bi Somoe Likwena
alikuwa anakaza kanga aondoke.
Huja kwa ajili ya mjukuu, husinzia,
au sisi ndio tunadhani husinzia.
"Unamfaa," alisema.
Nini?
"Huo mwisho. Ile ya kwanza, aliposhuka
kupigana na lile dude la moto,
guu lake lilipasua bomba la mtaa.
Nyie mlikuwa mnaangalia dude.
Maji yaliruka pale pembeni mpaka picha ikabadilika,
na mwanamke kasimama na ndoo yake.
Filamu saba hizi, sijamwona karudi kulitengeneza."
Akatoka. Alikuwa na zamu ya saa tisa.

Usiku ule niliiweka ya kwanza, peke yangu, sauti nimeizima.
Dakika ya arobaini na moja.
Bomba lipo. Mwanamke yupo, sekunde tatu,
gauni la njano, ndoo imelowa nje, ndani tupu.
Na juu ya sekunde hizo, nakumbuka vizuri,
mimi nilikuwa napiga kelele: "Dunia imeokoka!"

Lakini Chilumba naye simlaumu.
Mtu anayekesha na madumu
akitoa mia tano anataka apae kidogo,
si aoneshwe kisogo cha jirani yake.
Nililala na hilo. Niliamka nalo.

Kesho yake banda lilijaa kupita jana;
wamekuja kusikia nitakavyomwokoa.
Ilipofika asubuhi ile ya ukungu
nikashusha kipaza sauti mapajani.
Ikasikika ndoo ya mtu inajaa.
"Tafsiri!" Abilahi akapiga yowe. "Anasema nini?"
Kweli, mdomo wa Kimondo ulikuwa umefunguka,
neno moja, mawili, kwa waliomtangulia.

"Anauliza," nikasema, "wa mwisho nani hapa?"

Kimya.
Kisha kule nyuma, karibu na mlango:
"Mimi. Kaa nyuma yangu."