Geuza Kidogo

Jumatatu taarifa ya saa moja ilianza na sukari.
Imepanda tena. Mtangazaji alisema bila kukunja uso,
kana kwamba yeye chai yake huitia chumvi.
"Amevaa nini?" Anjeyo akauliza.
Tai ya rangi ya embe bichi, nikamwambia,
na nyuma yake wameweka kiwanda chetu,
bomba refu, halina moshi.
"Basi picha si ya zamani," akasema,
akaisukuma bilauri nimwongeze strungi.

Macho yake yaliondoka kama wageni wenye adabu:
wakaaga, wakasimama mlangoni,
wakakumbuka jambo, wakaaga upya.
Miaka minne waliaga.

Jumanne stima ilipotea Luanda nzima.
Tulikula mrenda na ugali gizani.
Mimi nilipapasa, nikamwaga, nikamtukana paka.
Yeye alinyoosha mkono mara moja tu,
akanipa chumvi.

Kisha mafuriko. Mama mmoja, godoro kichwani,
maji kifuani, mtoto juu ya godoro.
Nilimwambia Anjeyo maji yanapungua.
Alinyamaza, akasikiliza.
"Awinja," akasema, "maji nayasikia."

Alhamisi ndiyo siku ninayotaka kuisema.
Walirudisha kipindi cha zamani,
kile cha Kifimbo, bawabu wa tajiri bahili,
tulichokitazama kwa Gretiwoli ya inchi kumi na nne
iliyokuja nyumbani juu ya baiskeli,
imefungwa blanketi kama mgonjwa wa homa.
Betri tulichajisha kwa posho meli ya Wesonga.
Kijiji kizima sebuleni, wengine dirishani,
na Anjeyo juu ya mabati, ameukumbatia mlingoti wa antena.

Geuza kidogo!
Hapo?
Umepita! Rudi!
Hapo?
Hapo hapo! Usipumue!

Akiuachia tu, theluji inaanguka sebuleni,
theluji ambayo hakuna aliyewahi kuiona Bunyore.
Kwa hiyo alikaa huko juu, nusu saa kila wiki,
mwenye televisheni asiyeiona televisheni.
Sisi tukicheka, sauti yake inashuka: "Amesema nini?"
Nami ninatoka uani, ninampigia kelele.
Kicheko chake kilifika baadaye, peke yake,
kikitembea juu ya mabati
kama tone la kwanza la mvua isiyokuja.

Usiku wa kipindi cha mwisho nilichinja kuku.
Anjeyo aliposhuka, miguu imekufa ganzi,
katekista Kalebu alikuwa akijifuta midomo.
Firigisi ilikuwa imekwenda.
Firigisi ya mwenye boma!
Hakusema neno. Ila tangu hapo,
mambo yote ya nyumba hii yana kalenda yake:
Ayuma alizaliwa kabla ya firigisi,
paa la jikoni liling'oka baada ya firigisi.

Basi Alhamisi nilikaa, nikatazama vizuri,
bila wageni, bila kukimbia uani.
Tajiri akamwuliza Kifimbo mbona amelala kazini.
Kabla Kifimbo hajafungua mdomo
Anjeyo alikwisha cheka, ameshika mbavu:
"Nilifumba macho, bosi, ili mwizi asinione!"

Kifimbo akajibu. Hakusema hivyo.
Alisema kitu kuhusu mshahara, hata hakichekeshi.
Nikatazama kingine, na kingine.
Hakusema hivyo. Hakusema hivyo kabisa.
Sauti za sebuleni zilikuwa nyingi, siku zile,
nami nilitoka mbio nikiwa nimeshika nusu ya neno,
nusu nyingine nikaiokota njiani.
Miaka yote hii Anjeyo anachekea
vichekesho vyangu.

Nilipunguza sauti. Nikamwendeleza mwenyewe hadi mwisho.

Ijumaa sikumbuki. Jumamosi ilikuwa bei ya mafuta.
Leo kuku yumo chunguni na majirani hawajaalikwa.
Nimemwekea firigisi kiganjani, haina mchuzi, ina joto.
Anaigeuza kwa vidole.
"Hapo?" ninamwuliza.
Anatafuna kwanza.
"Usipumue."