Herufi Milioni Saba

Mrija umeandikwa 0417, si Lamduan.
Jina nalijua mimi, niliyeibeba damu yake
kutoka wodi ya nane, mvua ikipiga mabati ya Ubon,
mwanawe akinifuata hadi mlango wa maabara
na tope la mpunga halijamkauka vifundoni.

Siku ya nne kijidudu kikachanua sahanini,
zambarau, kimejikunja
kama ua lililosahauliwa ndani ya daftari.
Kinanukia ardhi iliyoonja mvua, husema waliotutangulia.
Sisi tumekatazwa kunusa.

Tukakivunja ganda, tukauchomoa uzi wake,
na mashine ikaanza kusoma.
Herufi nne tu, G na C zimezidi,
kama chumvi iliyomponyoka mpishi mwenye haraka.
Kromosomu mbili: kubwa ya kuishi,
ndogo ya kustahimili,
kiangazi, njaa, miaka ya kulala gizani
kikingoja kisigino chenye ufa.

Saa kumi alfajiri nikakilaza ubavuni mwa mwenzake,
yule tuliyemfukua kwa koleo shambani kwa Lamduan,
shimo la kina cha mkono, hatua sita kutoka kibandani.
Herufi milioni saba na ushei.
Zilizotofautiana: tatu.
Nikapiga meza kwa kiganja. Nikacheka.
Prasoet akashtuka kitini, akauliza nani kapona.

Hakuna aliyepona.
Nilikuwa nimeshangilia kama aliyeokota pete.

Kulipokucha nikapanda wodini. Homa ilikuwa imemwachia kidogo,
chupa ya dawa ikidondoka, tone, tone.
“Kimetoka wapi?”
“Shambani kwako, mama.”
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakuwahi kuinama siku nzima katika maji ya mpunga.
Akalamba midomo iliyokauka.
“Miaka arobaini nalila shamba lile,” akasema.
“Nalo lina zamu yake.”
Kisha akataka kujua miche iliyobaki
nani anaipandikiza.

Nimekisoma kijidudu kile mwanzo hadi mwisho,
na kwa kuwa ni duara, hadi mwanzo tena.
Swali lake halimo.

Jumatatu, nikiwa ndani ya basi la kwenda kazini,
nikamwona mwanawe juu ya tuta:
buti za mpira tulizompa zinaning'inia shingoni, mpya, zinang'aa,
kwa sababu tope huzing'ang'ania na kazi haiendi.
Akashuka majini.
Miguu mitupu.