Vidole Viwili

Tsiala alinikabidhi msumeno:
"Kata mguu mmoja. Vidole viwili, visizidi."
Kiti cha mwaloni! Siku tatu nakichonga,
nakipiga msasa mpaka kinateleza kama sabuni,
leo nikivunje mguu kwa mkono wangu?
"Kata, Anzor."
Nikakata. Mvua ya Kutaisi ilikuwa juu ya mabati,
haikunitetea.

Kisha akataka mlango usio na ukuta,
usimame peke yake katikati ya jukwaa
kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.
Nikamwuliza: mwigizaji si atauzunguka tu?
Akacheka, penseli mdomoni.

Ukuta wa nyuma tuliupaka buluu,
halafu tukaichosha buluu hiyo kwa majivu na chai ya jana,
ila pembe-nne moja, ukubwa wa trei,
tukaiacha mbichi kama siku ya kwanza.
Picha yenyewe hatukuitundika kamwe.

Mwongozaji alikuwa na maneno ya mama:
*Miaka tisa mwanangu hajaandika.*
Aliposimama mbele ya ukuta ule
alinyamaza kidogo, akaomba kalamu,
akayafuta.

Usiku wa kwanza. Taa moja tu, ya chini, pembeni.
Lamara anaketi kumenya viazi.
Kiti kinayumba: ta. Kinatulia. Ta.
Nami nimejibanza kwenye mapazia, nyundo mfukoni,
nawaona safu ya sita wakiinamia kushoto,
wote, bila kujua,
kama waliokikalia wao.
Mzee mmoja mwenye koti lililolowa
akauondoa mwavuli wake kwenye kiti cha jirani,
akakipangusa kwa kiganja.
Hakuna aliyekuja kukikalia.

Kile kipande ninacho hadi leo. Nazuilia
dirisha la jikoni lisibamize.

Na mlango?
Watu walipokwisha kutoka, Nutsa, binti wa mkata tiketi,
alipanda jukwaani na tufaha lake,
akauzunguka mara moja, mbio, akicheka,
akasita.
Akarudi upande wa mbele.
Akajifuta mkono kwenye gauni,
akabisha hodi.

Mbao zile nilizipigilia mwenyewe.
Nyuma yake napajua: vumbi, na ndoo ya buluu iliyoganda.
Nikajisikia nikiitika,
karibu.